Marais Watatu wa Sanduku Moja

Jumatatu, 30 Septemba

Leo nimepigwa faini tatu. Ya kuchelewa. Ya kuongea bila kunyoosha mkono. Na ya kubishia faini ya pili. Mkutano ulikuwa haujafika hata nusu!

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kirushya kina watu ishirini na watano, sanduku moja la chuma la kijani, kufuli tatu, na mwenyekiti mmoja, Mama Eustakia, ambaye nadhani alizaliwa ameshika daftari la faini. Mimi ni katibu. Funguo wanashika watu watatu: Mama Eustakia, Christina, na Minani. Minani! Muuza viatu vya mitumba, mtu asiyeweza kuandika muhtasari hata wa ndoto yake. Katibu msomi hana ufunguo, Minani anao, na anautembeza shingoni kama medali.

Jioni nikapata ukombozi. Mpwa wangu anayesoma mambo ya ushirika huko Moshi aliacha makaratasi nyumbani, na mke wangu Joyness alikuwa anawashia moto. Nimeokoa kurasa nne kati ya tano. Zinaeleza kundi moja la benki za akiba la Ufaransa. Lilianzia Paris mwaka 1818, kwa watu wa kipato kidogo na vitabu vidogo vya akiba. Leo lina benki za kanda, wenye mali ni wanachama wenyewe, kila benki ya kanda ina rais wake, na juu ya wote kuna Chombo Kikuu. Nimesoma nimesimama, ugali ukapoa. Marais wengi namna hiyo! Na sisi tumekaa na mwenyekiti mmoja miaka sita.

Joyness ameuliza ukurasa wa nne ulisema nini. Umeshaivisha maharage. Sidhani kama ulikuwa na la maana.

Jumatano, 2 Oktoba

Katiba mpya imekamilika. Ibara arobaini na moja. Mkono umevimba.

Tutakuwa na benki tatu za kanda. Kirushya, rais Mama Eustakia. Ngara Mjini, rais Minani, kwa sababu anauza viatu karibu na stendi, na kwa sababu Ngara Mjini ni mbali nami. Biharamulo, rais Mzee Nshoma. Huyu alihamia huko Julai na ng'ombe wake wote, ila bado anatuma hisa kwa simu kila wiki bila kukosa. Kila rais atashika ufunguo mmoja. Chombo Kikuu hakishiki ufunguo, ni kazi ya wadogo. Chombo Kikuu kinashika muhuri. Chombo Kikuu ni mimi.

Ibara ya saba ndiyo roho ya katiba. Rais haruhusiwi kutoa ufunguo kwa mtu yeyote ila kwa barua yenye muhuri wa Chombo Kikuu. Hapo nimemfunga Minani mikono na miguu. Nimeisoma mara sita. Kila mara nilipofika mwisho nilijipongeza.

Muhuri nimeuchongesha Ngara. Joyness ameuliza pesa ya sabuni iko wapi. Nimemwambia taasisi haijengwi kwa sabuni.

Jumatatu, 7 Oktoba

Imepita! Kura kumi na nne kwa kumi na moja!

Siri ya Wafaransa nimeigundua: mpe kila mtu cheo. Nilikuja na vyeo kumi na tisa. Wajumbe wa Baraza la Usimamizi, Wakaguzi wa Kanda, Mshauri wa Mahusiano na Ufaransa. Waliokuwa wanasinzia wakaamka. Minani alinuna mpaka aliposikia neno rais, akauliza kama rais anakaa kiti cha mgongo. Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono mapema kuliko wote.

Christina peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana, na limenikera. Binti yake Keza amepata nafasi chuo cha uuguzi Biharamulo. Anatakiwa aripoti Jumamosi kabla ya saa kumi jioni na malipo ya kwanza mkononi, asipofika nafasi anapewa aliye kwenye orodha ya akiba. Malipo hayo ni mgao wake wa mwaka mzima, nao umo sandukuni. Mgao ni Alhamisi. Akauliza kama haya mabadiliko yatauchelewesha. Nimeapa mbele ya kikundi kizima kwamba yatauharakisha. Basi akavua ufunguo wake akanikabidhi, na kabla ya jua kuzama nikautia kwenye bahasha, nikampa dereva wa gari la Biharamulo ampelekee Rais Nshoma pamoja na barua ya uteuzi.

Kabla ya kufunga sanduku nimeuweka muhuri humo ndani. Nilimwona Minani akiuangalia kwa jicho baya. Sasa hakuna mahali pengine salama zaidi Tanzania nzima.

Mama Eustakia amenipiga faini ya kushangilia.

Jumanne, 8 Oktoba

Alama ya Wafaransa wale ni kindi! Ukurasa wa tano umesema wazi. Kindi anaweka akiba, ndiyo maana. Asubuhi nimekwenda kwa Mama Eustakia, sanduku linakokaa, na nusu kopo la rangi nyekundu, nikamchora juu ya kifuniko. Mkia mzuri sana. Ameshika karanga.

Nilisahau kwamba wiki hii watu wanapanda karanga.

Akina mama wamepita pale wakitoka shambani, ambako kindi wamefukua mistari minne tangu alfajiri, wakamkuta mmoja juu ya pesa zao anatabasamu. Wakaniuliza kama nina akili timamu. Mmoja akataka kujua kwa nini nisichore na mwizi wa kuku, ili wawe wawili. Nikaeleza kwamba Ufaransa kindi anaheshimika. Wakasema basi aende Ufaransa. Faini ya kuharibu mali ya kikundi, elfu tano. Nimeambiwa nifute. Rangi haifutiki, nimemgeuza paka. Sasa ni paka anakula karanga.

Hawa watu watachelewa sana kuendelea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya mgao. Sitaki kuandika, lakini naandika.

Saa nne kamili wote tulikuwepo. Joyness kaja na kipimo cha mabati ya jikoni. Christina kaja na Keza, na begi la Keza, na godoro limefungwa kamba. Mama Eustakia akafungua kufuli yake. Minani akachelewa kwa makusudi, akaingia amevaa koti, akadai kiti cha mgongo. Kikatafutwa. Akafungua ya pili taratibu, kama anayekata utepe.

Ya tatu. Tukasubiri. Rais Nshoma hakutokea. Nikapiga simu. Alipokea vizuri, akanipa pole ya kazi, akasema yuko kwenye mazungumzo ya mahari ya kijana wake, ng'ombe bado hawajaafikiwa, hawezi kutoka kabla ya wiki ijayo. Nikamwomba ampe ufunguo mtu yeyote wa gari. Akaniuliza kama nimeisahau ibara ya saba.

Watu wakaanza kunong'ona kukata kufuli. Mama Eustakia akakataa. Sheria ya kwanza ya kikundi, ya miaka sita, tuliyoapa mbele ya katekista: anayekata kufuli amejitoa, na hisa zake zimebaki. Hakuna aliyethubutu. Christina hakulia kwa sauti. Alikaa juu ya lile godoro akaangalia chini, na Keza akawa anamfuta machozi kwa kanga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimesema nitakwenda mwenyewe kesho alfajiri kuuchukua ufunguo. Minani akapendekeza nipigwe faini. Imepita kwa kauli moja, na katika hao waliosema ndiyo alikuwemo Joyness.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bodaboda mpaka Ngara, gari mpaka Lusahunga, gari jingine mpaka Biharamulo. Nimekopa nauli kwa shemeji.

Mzee Nshoma alinipokea kama mgeni wa serikali. Kaniletea maziwa, kaniletea kiti, kawaita wazee wa mahari waje kuniona. Barua yangu ya uteuzi kaitia kwenye fremu, ipo ukutani. Ufunguo umening'inia chini yake kwenye msumari, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikamwamkia tena shikamoo, kwa heshima zote, nikamweleza habari za Keza. Alihuzunika kweli. Akauliza barua yenye muhuri iko wapi.

Nikamwambia muhuri umo ndani ya sanduku.

Akafikiri sana. Wazee nao wakafikiri. Mmoja akauliza sanduku linafunguliwa kwa kitu gani. Nikasema kwa ufunguo ule pale. Wote wakageuka kuutazama. Mwishoni Nshoma akasema:

"Katibu, mimi nimechunga ng'ombe miaka hamsini, hakuna aliyewahi kuniita rais. Wewe umeniita. Sasa unataka nianze urais wangu kwa kuvunja sheria yako?"

Ibara nimeiandika vizuri mno. Hata mwanasheria asingepata tundu. Nimekunywa maziwa nikaondoka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi nimegonga kwa Mama Eustakia kukiri. Nilimkuta Christina pale, na Keza, na begi. Hawakulala kwao. Nikasema yote, hadi habari za muhuri. Christina akasema:

"Frednand, ufunguo nilikuwa nao shingoni. Nilikupa kwa mkono wangu mwenyewe."

Ningeomba faini ya laki moja kuliko maneno hayo.

Mama Eustakia alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akalivuta sanduku katikati ya chumba, akaligeuza nyuma mbele. Akaangalia. Akachukua kisu tena. Bawaba za kifuniko ziko nje! Skrubu nne, mbili kila upande. Akazizungusha moja moja kwa ncha ya kisu, tena bila haraka, akitia kila skrubu kwenye kikombe isipotee. Kifuniko kikanyanyuka kwa nyuma, paka wangu akasimama wima. Kufuli zote zikabaki zimefungwa vilevile, hakuna iliyokatwa, sheria haijavunjwa. Miaka sita tunalinda mbele!

Akatuma waitwe wajumbe watano wa jirani washuhudie. Akahesabu fungu la Christina mbele yao, akaandika, akasaini, akarudisha skrubu. Saa mbili Keza alikuwa juu ya bodaboda, godoro mgongoni. Saa tisa na robo kapiga simu kutoka Biharamulo, kasajiliwa. Christina akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia Mama Eustakia, akamkumbatia Minani aliyekuwa hajafanya chochote. Mimi nilinyoosha mikono. Akanipita.

Jioni mkutano wa dharura. Nimeondolewa ukatibu kwa kura ishirini na tatu kwa mbili. Moja ni yangu. Ya pili imepigwa kwa simu kutoka Biharamulo, na imeandikwa kwamba Rais anasikitika. Katibu mpya ni Minani. Ameuliza muhtasari unaanzia upande gani wa karatasi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeikosa misa ya kwanza kwa aibu, nikaenda ya pili.

Nimetafakari kwa kina na kwa uaminifu. Kosa nimeliona. Mfumo haukuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kwamba niliupeleka kwa watu wenye haraka. Mtu mwenye mtoto wa kwenda chuo, mwenye jiko linalovuja, huyo hawezi kuwa mwanachama wa taasisi kubwa. Wafaransa wale wamekwenda zaidi ya miaka mia mbili kwa sababu ya utulivu.

Baada ya misa nimezungumza na wale wa kikundi cha kuzikana. Wana turubai mbili, sufuria sita kubwa, viti themanini na jeneza moja la akiba, vyote kwenye stoo yenye kufuli moja tu. Moja! Nimewaonyesha hatari yake wakashtuka. Jumatano nawapelekea katiba: kufuli tano, kanda tano, hadi Biharamulo, ambako tayari nina rais mzoefu.

Na huko hakuna atakayelalamika kucheleweshwa. Mtu akishakufa, ana haraka gani?