Jino la Mpiga Tarumbeta

Jumatatu, 7 Julai
Jino limekatika. La mbele, juu, upande wa kulia. Nilikuwa natafuna muwa nyuma ya kambi hapa Naguru, nikasikia kah! Nusu imebaki kwenye muwa, nusu imebaki mdomoni.

Mazoezi ya saa nne yalikuwa aibu tupu. Miaka kumi na tisa napiga tarumbeta ya kwanza katika bendi ya polisi, leo inalia kama tairi linalovuja. Koplo Odoch, tarumbeta ya pili, aliniuliza kwa upole kama naumwa. Upole huo naujua. Anataka nafasi yangu! Inspekta Ochan, mkuu wa bendi, amesema nisipokuwa sawa kufikia sherehe ya tarehe ishirini na sita, ule wimbo ninaopiga peke yangu atapewa Odoch. Mimi nitapiga matoazi.

Matoazi!

Nimewaambia wote kwamba nilipigwa na mwizi.

Jumanne, 8 Julai
Mungu yupo! Nimeokota karatasi ya kliniki moja ya Bugolobi. Jino la kupandikizwa, linashikwa na skrubu ndani ya mfupa. Milioni moja na laki mbili tu. Benki tuna milioni moja na laki tatu. Ni pesa za friji ya mke wangu Rukiah, anayeuza juisi hapa kambini. Lakini Rukiah anapenda nikipiga tarumbeta, kwa hiyo ni kama tumeshakubaliana. Sijamwambia. Iwe zawadi. Zawadi ya nani, nitafikiria baadaye.

Jumatano, 9 Julai
Nilivaa sare ili niheshimiwe. Daktari Nabalayo, mama mwenye miwani na mikono myepesi, alinichungulia mdomoni kisha akavuta kiti akakaa. Daktari akikaa, jiandae.

Alisema ile bei ni ya skrubu. Skrubu peke yake! Kuna picha ya mfupa. Kuna kung'oa mzizi uliobaki. Mfupa wangu mwembamba, kwa hiyo kuna unga wa kuujazia. Kuna kipande cha kuunganisha skrubu na jino. Halafu ndipo jino lenyewe, ambalo mimi nilidhani ndilo ninalonunua. Nikamuuliza mtu hufanya nini na skrubu isiyo na jino. Akasema husubiri, miezi minne mpaka sita, mfupa uishike. Nikauliza kwa nini karatasi haisemi hayo. Akasema hata yeye amewauliza wenye kliniki swali hilo hilo.

Akanitajia jino la bandia, la kuvaa na kuvua, laki tatu pamoja na kung'oa mzizi, tayari kwa wiki moja. Nikakataa. La kuvua ni la wazee. Odoch angejua siku hiyo hiyo.

Jumla ya lile la skrubu sikuuliza. Niliogopa kuisikia.

Ijumaa, 11 Julai
Mpango! Nikiwa nimeumia kazini, serikali italipa. Nikaandika ripoti: Kasubi, Jumapili jioni, mwizi mrefu, nilimfukuza kwa ushujaa. Nikampelekea Afande Aciro wa ofisi ya mafao. Akaisoma mara mbili. Akauliza namba ya kesi. Akauliza shahidi. Kisha akanikumbusha kwamba Jumapili jioni bendi yetu ilikuwa kwenye harusi ya mpwa wake, nami nilipiga tarumbeta huku yeye akicheza. Akaniambia niichukue karatasi yangu kabla hajaielewa vizuri.

Mama mwema sana.

Jumamosi, 12 Julai
Kama skrubu ndiyo ghali, nitaleta yangu! Bonny, fundi wa redio kule Kasubi, ana jamaa yake Dubai aliyemletea moja. Laki moja na themanini, titani halisi, ndani ya kichupa cha dawa. Nimeokoa milioni nzima. Wakati mwingine najishangaa.

Jumatatu, 14 Julai
Daktari Nabalayo aliiinua skrubu yangu kwenye mwanga. Akaipima kwa rula. Akasema ingeingilia kwenye ufizi ikatokea puani. Yeye hakucheka. Msaidizi wake alitoka nje haraka.

Jioni, balaa. Rukiah alikuwa amekwenda kulipia friji, akakuta pesa zimepungua. Nikamweleza yote, hata muwa. Nilingoja kelele. Yeye akasema, “Baba Tamim, miaka yote hii nakusikiliza ukipiga. Ungeniambia tu.”

Ingekuwa afadhali kelele.

Jumanne, 15 Julai
Tulikwenda pamoja. Rukiah aliuliza swali moja: “Daktari, tangu leo mpaka siku atakapopuliza, kila kitu ndani, ni ngapi? Na baada ya hapo?”

Daktari akachukua kalamu. Milioni nne na laki saba. Kila mwaka, pesa ya kukaguliwa. Jino la juu ya skrubu likivunjika, unalipia jingine. Na baada ya upasuaji, hakuna kupuliza kwa wiki kadhaa. Mimi ni polisi wa miaka kumi na tisa, sijawahi kumhoji mtu vizuri hivyo.

Rukiah akachagua la kuvaa. Mzizi umeng'olewa leo. Sikulia. Macho yalitoa maji yenyewe.

Jumatano, 23 Julai
Jino nimelivaa tangu jana. Sauti inatoka, lakini jino linacheza. Nilikuwa nimejificha nyuma ya stoo nikifanya mazoezi, Odoch akatokea. Nikafunga mdomo. Akatazama huku na huku, akaingiza vidole mdomoni mwake, akatoa meno mawili!

Ajali ya boda, miaka minane iliyopita. Meno yale ameyapigia tarumbeta miaka yote hiyo, pembeni yangu. Akanionyesha gamu, gundi ya kulibana jino, na jinsi ya kusogeza tarumbeta kushoto kidogo. Akasema nafasi yangu hajawahi kuitaka. Akipiga peke yake miguu inamtetemeka. Nikampa nusu ya andazi langu.

Jumapili, 27 Julai
Jana nimepiga! Kila noti ilikaa mahali pake. Rukiah alifuta macho akasingizia vumbi. Odoch alipiga makofi kuliko wote.

Baadaye Inspekta Ochan alinivuta pembeni. Mama yake hana meno manne ya mbele. Jino zuri hivi nimelipata wapi? Nilitaka kusema ukweli, kabisa. Nikasikia mdomo wangu ukisema nimepandikizwa, na kwamba daktari ni kama dada yangu. Akauliza bei. Nikasema meno yote manne, milioni mbili, kila kitu ndani. Akanishika mkono kwa nguvu, akanipa laki tano za kuanzia.

Kesho asubuhi naenda Bugolobi kumjulisha Daktari Nabalayo. Meno manne kwa mpigo! Hawezi kukataa.