Kuku Wanaohesabu Miguu

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni siku yangu! Mwalimu wa Biolojia ametangaza mtihani wa vitendo Ijumaa. Atakayefeli anatolewa darasani kwake, akatafute masomo mengine. Wenzangu wote wamenywea. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Kusoma kitabu kizima ni kazi ya wasio na mbinu. Vielelezo vya mtihani hutafutwa na mtu, na mtu huyo ni Bwana Maabara, mzee anayeosha vyombo vya maabara na kutunza funguo. Nikijua anachonunua, nimeujua mtihani. Kwisha kazi!

Na kufeli siwezi. Mama ni fundi cherehani, ameshaanza kunishonea koti jeupe la udaktari. Wateja wake wote wana habari. Jana kanipima mabega mbele ya jirani, na jirani akaniuliza dawa ya mgongo. Nikamshauri anywe maji.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata Bwana Maabara hadi sokoni. Nikajibanza nyuma ya magunia ya mkaa. Kanunua maini. Kanunua viazi. Nusura nipige vigelegele! Maini ni vimeng'enya, viazi ni osmosisi, nani asiyejua? Nikarudi nyumbani mbio, uso mzima mkaa, nikafungua kurasa hizo tu. Nyingine nimezibana kwa vibanio vya nguo vya Mama zisinipotezee muda.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Bwana Maabara amenifuma nikichungulia dirisha la stoo yake. Hakufoka. Kanipa chupa ya mdomo mpana na adhabu: nikakamate panzi nyuma ya uwanja, eti kuku wake wanawapenda. Tena wawe wakubwa, kila mmoja na miguu yake yote sita. Kuku gani hao wenye maringo?

Nimerukaruka majanini mchana kutwa kama mwehu. Akapita Kamusi, yule msichana wa darasani kwetu anayekusahihisha hata ukipiga chafya. Akauliza nafanya nini. Nikamweleza habari ya kuku na miguu sita. Akaniangalia mimi, akaiangalia chupa, akanishukuru sana, akatoka mbio kuelekea maktaba. Maskini. Nadhani ananipenda.

Panzi mmoja mkubwa aliniachia mguu wake wa nyuma mkononi. Nianze upya? Thubutu! Nikaubandika kwa gundi. Umeelekea mbele badala ya nyuma, lakini yeye alishakata roho, na kuku hawezi kulalamika.

Alhamisi, 6 Machi

Niko tayari, jamani, niko tayari! Nimemkuta Kamusi chini ya ngazi akichora kitu chenye mabawa na vipapasio. Nikamhurumia. Nikamwambia asihangaike na wadudu, asome maini. Akatabasamu. Ananipenda, hakuna ubishi.

Mama kamaliza mkono wa kushoto wa koti. Anashona huku anaimba. Nami nikamwitikia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Kila meza ina kisahani. Kila kisahani kina panzi. Nikasubiri maini yaletwe. Wapi! Bwana Maabara alipopita nikamnong'oneza kumuuliza yako wapi.

"Niliyala Jumanne, mwanangu," akasema. "Na viazi."

Na panzi wangu alikuwa yuleyule! Nimemtambua kwa mguu. Swali la kwanza, mchore unavyomwona. Nikamchora nilivyomwona. Swali la pili, eleza jinsi miguu ya nyuma inavyomsaidia kuruka. Nikaandika kwamba huyu huzunguka palepale. Nikamnyanyua kwa koleo nihakikishe, mguu ukabaki kwenye koleo, mwenyewe akaanguka sakafuni.

Kamusi aliomba karatasi ya ziada.

Jumatatu, 10 Machi

Matokeo. Mwalimu kaandika kwamba mnyama niliyemchora hajapata kuonekana duniani. Kamusi kaongoza. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kalitundika koti ukutani likiwa na mkono mmoja tu.

"Utaniambia siku ya kushona wa pili," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Mwalimu kanionea huruma: narudia Alhamisi, nafasi ya mwisho. Nimeapa kwamba safari hii natumia akili!

Kwa hiyo jioni hii nimemfuata Bwana Maabara sokoni. Kanunua samaki mzima! Matamvua! Upumuaji! Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Kurasa nyingine zote nimeshazibana, na vibanio havikutosha, nimechukua na vya jirani.

Kero ni moja tu. Kanikuta tena nyuma ya magunia, kanipa adhabu nyingine: nimchumie maua mekundu ya kwenye ua wa shule, eti zawadi ya mke wake. Kila ua liwe zima, petali zote tano na chavua yake. Mke gani huyo anayekagua chavua?

Nimeshayachuma. Moja limedondosha petali njiani. Bahati nzuri gundi bado ninayo.