Barabara ya Kupita Jikoni kwa Bibi Akanisi

Vilikesa Naulu alikuwa mtu wa kazi nyingi, na hakuna hata moja aliyowahi kuajiriwa. Wiki ile alikuwa afisa wa mipango miji wa jiji la Suva.

Alisikia sokoni kwamba Jumamosi Bi Litiana, mpangaji miji, angekwenda mtaa wa mabanda wa Veitiri kuwauliza wakazi wenyewe barabara mpya ipite wapi. Kuwauliza maskini! Vilikesa aliguswa sana moyoni. Ijumaa akatangulia yeye, na kizibao cha kung'aa, vigingi na nyundo.

Kama kawaida ya kule, aliulizwa kwanza kwao wapi.

"Nabukavula," akajibu. Hakuwahi kukanyaga kijiji hicho, ila jina lilisikika la watu waaminifu. Watu wakatazamana, wakatabasamu. Vilikesa akadhani ni imani.

Wa kwanza kumvuta pembeni alikuwa Semi mwenye duka.

"Afisa, barabara ipite mlangoni kwangu."

"Mlangoni kwako kuna nyumba ya watu, mzee."

"Ya Bibi Akanisi. Atahamia kwa binti yake."

"Ana binti?"

"Atatafutiwa."

Vilikesa akashusha pumzi. "Ramani nayo ina moyo, mzee. Hubembelezwa."

Semi akaibembeleza kwa jenereta na nguruwe mmoja mnono. Saa hiyo hiyo vigingi vikaanza kupigwa, na cha tatu kikaangukia katikati ya jiko la Bibi Akanisi, mjane asiye na pengine pa kulala duniani.

Bibi akatoka na mwiko mkononi.

"Wewe ndiye wa Nabukavula?"

"Ndimi, bibi."

"Kichwa kama jimbi bovu!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Vilikesa akaduwaa.

"Mbona hunijibu tusi? Babu zenu na babu zetu ni watani. Au wewe si wa kule?"

Vilikesa akaitazama nyundo yake, kisha vijana sita wa timu ya raga waliosimama njiani. "Wa kule kabisa, bibi! Nilikuwa natafuta tusi la kukufaa."

"Basi nimependa viatu vyako."

Kwa watu wale, mtani huchukua atakacho, na anayechukuliwa hucheka. Atakayenuna si mtani. Vilikesa akavua viatu, akicheka. Kizibao kikaenda, akacheka. Nyundo ikaenda. Jenereta ilipobebwa kupelekwa kwenye ukumbi wa mtaa, alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayo yalikuwa ya kweli.

"Na vigingi, mtani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Vikavu hivi? Vitamwivisha nguruwe."

Vilikesa akaondoka peku, akipunga mkono.

Jumamosi Bi Litiana alikuta nyama tayari. Akachora mtaa mavumbini, na kila mkazi, mwenye duka na asiye na kitu, akaweka jiwe moja pale anapotaka barabara. Mawe yakajipanga kando ya mfereji, nyuma kabisa ya duka la Semi. Jiko la bibi halikuguswa.

"Na jenereta nzuri hii ya ukumbi," Bi Litiana akauliza, "nani kaitoa, na kwa ajili ya nini?"

Macho yote yakamgeukia Semi. Bibi Akanisi akaacha kutafuna.

"Mimi," Semi akasema. "Kwa... kwa mapenzi tu."

Wakampigia makofi marefu sana.