Maoni ya Agripina Kuhusu Kigogota

Jumatatu, 5 Mei 2025

Miezi miwili ya ndoa leo! Firmin wangu bado ananiita "chérie", yaani mpenzi, hata akitafuta soksi. Lakini saa kumi alfajiri kitanda kikawa baridi. Serikali inataka kupitisha reli mpya katika msitu ulio nyuma yetu hapa Hallunda, Uswidi, na kabla ya kukatwa mti mmoja ni lazima ijulikane nani ataumia: watu, maji, vyura, ndege. Firmin ndiye mhesabu ndege. Pamoja na Josefin, mwenzake wa kazi. Josefin ana darubini mbili. Moja anamwazima mume wangu.

Jumanne, 6 Mei

Nimeuliza, kwa upole wa malaika, wanaongea nini huko msituni. Firmin akasema hawaongei, wanasikiliza. Wawili! Kimya! Mimi na yeye hatujawahi kukaa kimya dakika tano. Akaongeza kwamba angepatikana kigogota mwenye mgongo mweupe, ndege adimu kabisa, reli ingesimamishwa.

Reli isimame, hesabu iishe, mume arudi kitandani. Nimepata!

Jumatano, 7 Mei

Fomu ya maoni ya wananchi iko mtandaoni. Yeyote anaruhusiwa kuandika, na maoni yote lazima yashughulikiwe. Kwenye "athari kwa jamii" nikaeleza mateso ya bibi harusi anayeamka peke yake. Jirani yangu Muthoni, anayenisahihishia Kiswidi, alicheka hadi akamwaga chai. Akasema wanauliza madhara ya reli, si ya Josefin. "Dada, hata ndege unawaonea wivu?"

Nikafuta. Nikaandika kwamba nimemsikia kigogota mwenye mgongo mweupe, akigonga kwa huzuni. Muthoni akauliza mgongo nimeusikiaje. Nikatia sahihi kwa jina la kubuni: Agripina, mpenda misitu.

Ijumaa, 9 Mei

Msiba! Kazi ilikuwa iishe leo. Leo! Kesho tungepanda meli ya kwenda visiwa vya Åland, siku nne, chumba chenye dirisha; alikuwa ameficha tiketi ili anishtukize. Sasa kuna mwananchi amemsikia kigogota, kwa hiyo wahesabu upya wiki mbili. Na Josefin.

Nililia. Firmin akadhani namlilia ndege. Akanibusu paji la uso. Jamani, mwanamume huyu!

Jumapili, 11 Mei

Tangu tutoke kanisani Firmin hana jina lingine mdomoni ila Agripina. Eti maneno yake kwenye fomu yana moyo. Eti "akigonga kwa huzuni," nani mwingine husikia hivyo? Josefin anajua majina ya ndege, alisema, lakini Agripina anajua nafsi zao. Amemwandikia barua pepe kumwomba aje awaonyeshe mti.

Nafsi zao! Nimemtwangia sombe, majani ya muhogo, kwa mikono yangu, hakuisifu hata nusu ya hivyo. Huyu Agripina ni nani hasa, wa kuniingilia ndoani? Kwa simu Muthoni alinikumbusha kwamba ni mimi. Hilo halinipozi. Firmin hajui kwamba ni mimi, basi moyoni mwake yumo mwanamke mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetulia. Nimesali. Nimetafakari kama mtu mzima. Fomu ingali wazi hadi jioni.

Nimeandika kwamba Agripina ni mwongo, haujui msitu ule, tena hana mume. Kigogota hakuwa mmoja. Walikuwa watatu, na mmoja alikuwa na makinda wanaoimba kwa mapenzi. Sahihi, safari hii kwa jina langu halisi: Emérithe.

Sasa tuone nani ana moyo!