Mlima Usishike Moto

Jumanne, 7 Januari
Mshale wa kibao cha hatari ya moto pale njia panda umeingia kwenye nyekundu. Upepo wa magharibi. Niko barazani na bomba la bustani mkononi tangu saa nne asubuhi. Naogopa, na siwezi kujidanganya. Nyumba yangu ni ya mbao, iko juu, na moto hupenda kupanda mlima. Chini yangu wanaishi Bernadette mfinyanzi na mpwa wake Snow, wavuta bangi wakongwe. Cheche yao moja tu, nami kwishnei. Ila nina dawa! Niliagiza vifaa sita vya mvuke, vimefika leo. Betri inapasha bangi joto bila kuiunguza, unavuta mvuke. Hakuna kiberiti, hakuna vipisi vya kutupa nyasini.

Jumatano, 8 Januari
Nimeshuka na vifaa pamoja na keki ya ndizi. Bernadette alikuwa akikata bangi kwa mkasi bakulini, akichanganya na tumbaku kama wafanyavyo wote huku. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza tumbaku inaingia wapi. Haiingii, nikasema. Snow akacheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo ni chai bila sukari, mzee Des, tena bila majani. Keki wakaila yote. Halafu wakawasha kiko chao cha maji, chupa ya juisi iliyochomekwa kipande cha bomba la bustani. Rangi ya bomba hilo naijua. Langu limepungua urefu tangu Krismasi. Kwa ajili ya kampeni yangu, nikawaaga kwa tabasamu.

Ijumaa, 10 Januari
Ushawishi umekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Leo nimetumia akili. Walipokwenda kuogelea kijitoni nikaingia kwao, nikakusanya viberiti vyao vyote vya gesi. Saba! Nikarudi kwa njia ya porini nisionekane. Nikakutana uso kwa uso na Noelene, kamanda wa kikosi cha wazima moto wa kujitolea. Akaniuliza mifukoni kuna nini. Nikavitoa kimoja kimoja. Akasema nimempigia simu mara kumi na moja wiki hii kulalamikia moshi, na sasa ananikuta porini, siku ya marufuku ya moto, na viberiti saba. Akaandika jina langu kwenye daftari lake. Sijaweza kula chakula cha jioni.

Jumamosi, 11 Januari
Wamekubali! Bernadette amesema watajaribu siku mbili, kwa sababu naonekana silali, na pia, akitazama mifuko yangu, kwa sababu hawaoni viberiti vyao. Umeme wao wa jua hautoshi kuchaji, hivyo vifaa vyote sita viko kwenye kibanda changu, kwenye waya mmoja. Nimevilaza juu ya marobota ya nyasi kavu visije vikakwaruzika. Mchana nimesinzia. Mara ya kwanza mwezi huu.

Jumapili, 12 Januari
Kibanda kimeungua. Saa tisa alasiri nikasikia mlipuko, kisha moshi, kisha ndimi za moto. Nilisimama pale nikiita mama yangu, aliyefariki zamani. Waliopanda mlima mbio ni Snow na beseni la maji ya kufulia, na Bernadette, miaka sabini na moja, na ndoo mbili. Kaa la mwisho Bernadette alilizima kwa maji machafu ya kile kiko. Nyumba imepona. Kisha akanishika mkono, akanikalisha chini. Noelene alipofika na gari la zimamoto akauliza nani kawasha. Snow akajibu, "Sisi tungewasha na nini, dada? Viberiti vyote anavyo mzee."

Jumatatu, 13 Januari
Bernadette ameleta supu ya dengu, akaomba viberiti vyake kwa upole. Nimerudisha. Akaniomba niahidi kwamba nimeachana na vile vifaa vya betri. Nikaahidi, na machozi yakanitoka, maana bila wao ningekuwa majivu. Ahadi nitaitimiza. Nimetafakari asubuhi nzima na kosa nimeligundua: ni betri. Kuna kifaa kingine kisicho na betri hata moja, hakiwezi kulipuka. Kinapashwa kwa mwali wa gesi tu, mkali, usiozimwa na upepo. Nimeagiza kumi na viwili.