Nyumba kwa Jina la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka ofisi ya ardhi na hasira, na njaa juu yake. Afisa wa dirisha la wageni kanieleza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi nchini humu. Hata akiirithi kwa mkewe. Hata kama ameingia nchini na nywele nyeusi na sasa hana nywele kabisa. Mke wangu alifariki mwaka jana. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, na sasa lazima iandikwe kwa jina la raia kabla mwezi huu haujaisha. Isipoandikwa, serikali inaipiga mnada. Nikamuuliza kama mtu aliyebadilisha mabomba yote ya nyumba hiyo kwa mikono yake bado ni mgeni. Akasema mabomba hayahesabiwi.

Viza yangu ya mstaafu inaniruhusu kuishi hapa, kula hapa na kuzeeka hapa. Kumiliki, hapana! Hata banda la kuku.

Mlangoni nikagongana na Balozi. Si balozi wa kweli. Ni jirani yangu, tumetoka nchi moja, ila yeye aliomba uraia akapewa, na tangu siku hiyo anatupa takataka akiwa amevaa tai. Akanipa pole kwa sauti ya juu, foleni nzima isikie. Marehemu mke wangu alinisihi sana nami niombe uraia. Nikamjibu kwamba mimi simpigii mtu magoti. Laiti ningepiga. Lakini leo si siku ya majuto. Ni siku ya kutumia akili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma sheria yote. Wamejisahau! Inasema mgeni hawezi kumiliki ardhi "na chochote kilichoshikamana nayo". Nyumba yangu ni ya mbao, imekaa juu ya nguzo fupi za zege. Ikiachana na ardhi, itakuwa kitu cha kuhamishika, kama friji. Mafriji nimeyatengeneza mpaka nikastaafu, na hakuna sheria inayomkataza mgeni kuwa na friji.

Nimechukua jeki ya gari, nikatambaa chini ya kona ya jikoni. Nimepiga jeki. Kona ikainuka! Nikapitisha gazeti kati ya nyumba na nguzo na halikukwama popote. Nimeshangilia peke yangu, nimelala chali kwenye vumbi. Kisha huko juu kitu kikalia, paa! Vigae vya ukuta wa jikoni vimepasuka kuanzia dirishani hadi kwenye sinki. Vile vya njano. Alivichagua yeye. Mimi nilitaka vyeupe, nikanuna wiki nzima, na kila alipovifuta alivisifu kwa sauti ili nisikie.

Nimekaa sakafuni nikalia. Sikujua kwamba nilikuwa navipenda.

Balozi akachungulia juu ya ua, akauliza kama nahama. Nikasema natafuta panya.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kapiga simu. Ni mtoto wa marehemu mke wangu, si wa damu yangu. Nimemlea tangu alipokuwa anang'oka meno ya utoto, na ananiita Baba bila kulazimishwa na mtu. Sasa anafundisha kemia sekondari, anakaa ng'ambo ya pili ya mji. Anataka kuja Jumamosi tuzungumze habari za nyumba. Ana wazo.

Wazo! Nani asiyelijua? Yeye ni raia. Yeye ndiye mtoto wa mwenye nyumba. Kwanza ataandikwa yeye. Kisha ataolewa. Kisha mkwe atahitaji mahali pa kuweka baiskeli yake ya mazoezi, na macho yote yatageukia chumba changu. Hapo nitakuwa mgeni wa nchi na mgeni wa nyumba kwa pamoja. Nampenda sana mtoto huyu. Ndiyo maana sitaki kumtia majaribuni.

Nimemwambia Jumamosi nitakuwa na homa. Akauliza leo Alhamisi nimeijuaje homa ya Jumamosi. Hiyo ndiyo taabu ya kulea mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kunyolewa, ingawa sina cha kunyolewa. Nilimfuata Kinyozi mwenyewe. Ni raia, mzaliwa wa mtaa huu, rafiki yangu wa siku nyingi, na sifa yake kubwa ni siri. Anajigamba kwamba hata mkewe hamwambii kitu. Mtu wa namna hiyo ni lulu.

Tumekubaliana hivi: nyumba iandikwe kwa jina lake, kwa makaratasi tu. Mimi ndiye nitakayekaa, nitakayefagia na nitakayelalamika paa likivuja. Yeye hatafanya lolote ila kuwa raia, kazi ambayo tayari anaifanya. Makubaliano yetu hatuyaandiki popote, maana kumshikia mgeni nyumba kisiri ni kosa, na mjanja haandiki makosa yake. Tumepeana mikono. Wake ulikuwa na povu la sabuni.

Njiani nimepiga mluzi. Tangu msiba sikuwa nimepiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Binti amekuja hivyo hivyo, na chupa ya supu. Nilikuwa nimejiandaa: blanketi hadi kidevuni, koti zito ndani yake ili nitoe jasho. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akasema sina joto lolote. Nikasema ndiyo homa mbaya, ile ya ndani. Akavuta kiti. Akasema amekwenda kumwona mwanasheria.

Mwanasheria! Nikafumba macho, nikakoroma.

Alikaa pale kitambo, nami nakoroma tu, shingo inaniwasha kwa lile koti. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo. Nikamsikia amesimama, maji yanamwagika bure, na nikajua ameviona vigae vya mama yake. Akafunga bomba. Akaondoka bila kuniamsha.

Supu nimeinywa yote. Ni mkono wa mama yake kabisa, hata chumvi imezidi palepale ilipokuwa ikizidi. Nilishika simu nimwite arudi. Nikaiweka chini. Nimeshampa Kinyozi neno langu.

Jumatatu, 10 Machi

Imekwisha! Afisa yule yule wa dirisha la wageni kauliza Kinyozi ni nani kwangu. Nikasema ni ndugu. Akamtazama Kinyozi, akanitazama mimi, akagonga muhuri. Kinyozi alikuwa amevaa suti ya harusi yake, haifungiki vifungo. Alitia saini mara mbili, ya kwanza aliikosea. Nikadhani ni furaha ya kunisaidia.

Jioni nikamwambia Balozi kwamba mambo yangu ya ardhi yamenyooka, na bila kumwomba mtu uraia. Akanipongeza. Lakini nilimwona ameumia.

Jumatano, 12 Machi

Mlango umegongwa nikiwa bado na bukta. Mwanamke mnene, mchangamfu, futi ya kushonea shingoni. Nyuma yake Kinyozi, amejibanza. Mwanamke akasema yeye ni mke wa Kinyozi, akanishukuru kwa kuitunza nyumba vizuri, akaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba nyumba ni ya mumewe kwa makaratasi tu. Akauliza kwamba ni yangu imeandikwa kwenye karatasi gani. Nikasema haijaandikwa. Akasema basi. Akaingia jikoni, akaguna, akasema hivyo vya njano vyote vitang'olewa. Nikasimama mbele ya ukuta na mikono nimeitandaza. Akanizunguka, akapima dirisha.

Nje nikamkaba Kinyozi kwa maswali. Machozi yakamlengalenga. Anasema alikusudia kumwambia mkewe ukweli. Lakini mkewe aliiona hati mfukoni mwa ile suti, akamrukia shingoni, akalia kwa furaha, akamwita mwanamume. Hajawahi kumwita hivyo. Kinyozi anasema alifungua mdomo ili aseme na maneno hayakutoka. Anasema anaona haya sana. Anasema watahamia mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa mwanasheria wa pekee ninayemjua kibao chake. Nimemweleza kila kitu. Amevua miwani. Anasema naweza kushtaki, ila kwanza nikiri mbele ya hakimu kwamba nilikula njama ya kukwepa sheria. Baada ya hapo nyumba itataifishwa, Kinyozi atatozwa faini, nami nitafutiwa viza na kupandishwa ndege. Nikauliza kama kuna njia ya tatu. Akasema hizo hazikuwa mbili.

Kisha akalitazama tena jina langu. Akauliza kama mimi ndiye yule Baba.

Binti alikuwa amekwenda kwake. Walikuwa wametayarisha kila kitu: nyumba kwa jina lake yeye, na ndani ya hati yenyewe haki yangu ya kukaa humo mpaka kufa. Haiondolewi na mkwe, wala wajukuu, wala mahakama. Ilibaki ridhaa yangu tu, na ndiyo iliyomleta kwangu Jumamosi. Mwanasheria anasema Binti alimuuliza mara mbili kama ni kweli kwamba hata yeye mwenyewe, siku akinikasirikia, hataweza kunitoa.

Nimetoka bila kuaga. Nimeikuta kofia yangu mkononi nikiwa nimeshafika sokoni.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa Binti. Nimesema yote, hata jeki. Nilitaka anifokee. Hakufoka. Alikuwa anasahihisha daftari za wanafunzi, na aliendelea kushika kalamu nyekundu bila kuandika kitu.

Aliuliza jambo moja tu: kwa nini siku ile sikumwacha amalize kusema. Nikasema usingizi ulinichukua. Akasema mimi sijawahi kukoroma maisha yangu yote. Mama yake alikuwa akiamka kunisogezea sikio puani, ahakikishe kama bado napumua.

Sikuwa najua hilo. Mke wangu hakuwahi kuniambia. Nimelia mbele ya mtoto. Naye akaililia nyumba ya mama yake, na ni mimi niliyeitoa, si mwingine. Kisha akafuta uso, akasema nikafungashe vitu vyangu, chumba cha nyuma kina nafasi.

Jumapili, 30 Machi

Nimehamia. Chumba ni kidogo, kina kitanda, dirisha, na makasha ya vitabu vya kemia. Asubuhi Kinyozi alikuja kubeba masanduku yangu, akakataa hata chai, akaondoka ameinamisha kichwa. Balozi alitoka kuniaga. Hakuwa na tai. Aliniambia pole, safari hii kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Binti haniachi nikae na huzuni. Ameniandikisha kwenye mtihani wa lugha, mwezi ujao, ili nipate ukaazi wa kudumu. Anasema nitaufaulu nimefumba macho, maana nimegombana na mama yake kwa lugha hii miaka yote na mara nyingine nikashinda. Ameomba kitu kimoja tu: tangu leo nisimfiche lolote. Nimemwahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote, mkono wake ndani ya mkono wangu, na nilimaanisha kila neno.

Alasiri nimeshuka kupunga upepo. Chini ya ghorofa hii kuna fundi viatu, mtu mwelewa sana, na raia. Ana binamu yake mwalimu wa lugha mstaafu, makamo yangu, upara kama wangu. Kwa mbali ni mimi mtupu, isipokuwa yeye ana masharubu. Huwafanyia watu mitihani na hajawahi kufeli.

Sina shaka kwamba ningefaulu mwenyewe. Lakini kwa nini nibahatishe? Nimeanza kufuga masharubu. Wakati wa chakula Binti ameona sijanyoa juu ya mdomo, akasema masharubu yatanipendeza. Nitamweleza mambo yakishakamilika.