Mzee wa Stesheni Aitwa Kwenye Televisheni

Taarifa ya habari ya mchana ilimkuta Kinyozi na mashine mkononi, kichwa cha mteja kimekwisha upande mmoja tu. Redio yake, iliyokaa juu ya kabati la taulo, haikuwa na desturi ya kuhama Redio ya Mkoa, kwa sababu kitufe cha kuhamishia kiling'oka, na pia kwa sababu mtangazaji wa kipindi cha jioni, Sema Usikike, ni shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Shirika la Utangazaji la Mkoa lina furaha kuwatangazia," redio ikasema, "kwamba Sema Usikike, kipindi kinachoongoza kwa kupigiwa simu, kitarushwa Ijumaa hii moja kwa moja kwenye televisheni, redio na mtandao. Wapiga simu wetu hodari watakuwepo studio, ana kwa ana. Nao ni Mzee wa Stesheni, Mkulima wa Bondeni, Mama Vitambaa, Msafiri wa Mbali na Bi Mkali wa Ng'ambo."

Kinyozi akazima mashine. Pale nje, kwenye benchi la mbele ya duka, ubishi wa tangu asubuhi ukakatika. Benchi lile lilikuwa na wenyewe watatu: Mawimbi, fundi redio wa chumba cha jirani, Mwalimu Nukta, mstaafu, ambaye kila akimaliza hoja husema "nukta" na hapo hapo anaanza nyingine, na Kona, dereva wa teksi iliyolala gereji muda mrefu kiasi kwamba watu wameanza kuitaja kama marehemu.

"Jamani, mmesikia nilichosikia?" Kona akauliza.

"Tumesikia," Mawimbi akasema. "Mkulima wa Bondeni ni mimi, na jembe mara ya mwisho kulishika nilikuwa shule ya msingi, tena nilikuwa napewa adhabu."

"Mimi ndiye Mama Vitambaa," Mwalimu Nukta akasema kwa unyonge, akijipapasa kidevu. "Nina ndevu. Nukta."

"Msafiri wa Mbali ni mimi," Kona akakiri, "na safari yangu ni kutoka nyumbani mpaka hapa benchi."

Wakamgeukia Kinyozi kupitia mlangoni. Hakuwa na pa kujificha. Mzee wa Stesheni, yule mkorofi anayepinga kila kitu kila jioni, alikuwa yeye, na hata uzee wenyewe alikuwa bado hajaufikia.

Yalianza kwa huruma, na huruma haina breki. Wiki ya kwanza ya kipindi, shemeji alifungua laini za simu akasema, "Tunakusubiri wewe msikilizaji." Akasubiri. Akapiga muziki, akasubiri tena. Mke wa Kinyozi aliketi karibu na redio, machozi yakimlengalenga kwa aibu ya mdogo wake. Kesho yake Kinyozi alichukua simu ya Mawimbi, mwenye laini nyingi kuliko wateja, akapiga kama Mzee wa Stesheni. Mzee akiwa peke yake hanogi, ndipo Mawimbi akaingia, na Mwalimu akafuata. Kona alikuja mwisho, lakini ndiye aliyezidi, maana akipewa dakika moja hewani anazunguka nchi nzima.

"Nyie mnalalamika nini?" Kona akasema sasa. "Tukatokee, watu watuone."

"Nani atakuona?" Mawimbi akamcheka. "Ile televisheni ya mkoa? Mimi natengeneza televisheni za mtaa huu wote. Picha yake ni ya chenga chenga, na chenga zikiisha wanaweka bustani ya maua na maandishi, 'Tunaomba radhi.' Wameomba radhi mpaka wao wenyewe wamesahau kosa."

"Basi kuna mtandaoni."

"Mtandao wao ukiufungua kinazunguka kiduara. Binti yangu aliufungua akiwa mwanafunzi, saa hizi anatafuta kazi."

"Msiwaseme sana," Mwalimu akaingilia. "Mwaka mzima tumekaa hapa tukisema shirika linadanganya wananchi, na jioni tunaingia ndani kulidanganya shirika. Nani tapeli hapo? Shirika linamhudumia mwananchi, na mwananchi mwenyewe ni sisi wanne tunaobana pua. Nukta."

Mteja mwenye nusu ya nywele akakohoa. "Kinyozi, mimi je?"

"Subiri, ndugu yangu. Kuna msiba."

Na kweli kwa Kinyozi ulikuwa msiba. Shemeji yake alikuwa kibarua pale shirika. Mkataba wake ungejadiliwa baada ya hiyo Ijumaa, na wakubwa wangemwajiri au kumwondoa kutokana na watakachokiona. Wakiona kochi la studio tupu atatoka. Nao wakiona mama mwenye ndevu, je?

"Tupunguze hasara," Mawimbi akasema. "Majina ni matano. Wa kwenda ni wawili tu, wengine tuugue. Kinyozi aende, shemeji ni wake. Na Bi Mkali aende, yule ndiye anayechangamsha kipindi. Bi Mkali ni nani kati yenu?"

Mawimbi akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, si wewe?"

"Mimi nina Mama Vitambaa, mwanamke mmoja ananitosha."

"Kona?"

"Sauti ile mimi niitolee wapi? Siku zote najua ni wewe Mawimbi."

"Mimi nikajua ni mke wa Kinyozi."

"Mke wangu?" Kinyozi akashangaa. "Mke wangu ananigombeza mchana kutwa bure, anipigie na simu?"

Wakatazamana. Ikawashukia taratibu kwamba kumbe kwa mwaka mzima, katika mkoa mzima, alikuwepo msikilizaji mmoja wa kweli, mwenye simu yake na hoja zake. Na wao, wakidhani ni mchezo wa mwenzao, walimtolea maneno yote ya benchi.

"Tumemtukana," Mwalimu akasema. "Mimi nilimwambia akapasue kuni."

"Hilo ni salamu," Kona akasema. "Kinyozi ndiye alimmaliza. Si wiki iliyopita tu? Ulimwambia, 'Bibi, zima redio, kameze dawa zako ukalale.' Hajapiga tena tangu siku ile."

Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja cha kusubiria, mkono umeshika shavu. Walikuwa na msikilizaji mmoja, na yeye ndiye aliyemfukuza.

Wakiwa katika hali hiyo, shemeji mwenyewe akatokea, kitambulisho cha shirika kinaning'inia shingoni, uso umekazwa. Hakuamkia mtu.

"Mmesikia habari?"

"Shemeji, sikia kwanza, sisi..."

"Mzee wa Stesheni, nyamaza," akasema. Kinyozi akanyamaza. "Mnadhani sijui? Kila nikipokea simu, awe mkulima, awe msafiri, nyuma yake kuna mashine ya kunyolea inanguruma. Bondeni huko wananyoana muda wote?"

Kona akacheka, alipotazamwa akaacha.

"Na bosi wako?" Mwalimu akauliza kwa sauti ya mtuhumiwa.

"Bosi amenunua kochi la watu watano, anataka likaliwe. Mje kama nyie wenyewe, mseme mlipiga kwa majina ya utani. Hilo nitalimaliza. Shida yangu ni Bi Mkali. Watu wa televisheni wanamtaka yeye, bila yeye hakuna kipindi. Na ameniambia hakanyagi studio mpaka Mzee wa Stesheni amuombe radhi leo, hewani, kila mtu akisikia."

"Nitamuomba," Kinyozi akasema upesi. "Hata mara kumi. Simjui, hanijui, aibu ya nini?"

Shemeji akamtazama kwa namna ambayo Kinyozi hakuipenda.

"Shemeji, Bi Mkali ni mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yangu mimi na mkeo. Mkwe wako."

Mawimbi alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwalimu Nukta alivua miwani, na kwa mara ya kwanza hoja ilimwisha kabla ya nukta.

Kinyozi hakuamini. Miaka yote ya ndoa yake, mbele ya mama mkwe alikuwa mtu wa neno moja. Akifika ataamkia, ataketi ukingoni mwa kiti akitazama sakafu, kisha atakumbuka kuna mteja anamsubiri. Naye mama alimjibu kwa sauti ya chini, ya adabu, akarudi ndani. Angeijuaje sauti ile ya redioni, inayopasua spika?

"Alianza kupiga kwa kunihurumia, kama nyie," shemeji akasema, sasa sauti imelegea. "Ila alibaki kwa sababu ya Mzee wa Stesheni. Tangu baba afariki nyumba ile haina mtu wa kubishana naye. Jioni anavaa kitenge kizuri, anakaa kungoja huyo mzee aseme upuuzi ili amjibu. Wiki hii hajawasha redio. Ukienda kumwona utamkuta amekaa tu."

Kinyozi aliona uchungu, uchungu hasa. Mwaka mzima alizungumza na yule mama kila jioni, na hakuna hata siku moja aliyozungumza naye.

"Nitamwambia aiwashe leo," shemeji akasema, akaondoka kuwahi kazini.

Saa kumi kamili muziki wa kipindi ukapigwa. Mteja wa nusu kichwa alikuwa bado yupo, ila sasa amehamia benchini na wenzake, hataki kupitwa. Mawimbi akapiga namba, akamkabidhi Kinyozi simu.

"Bana pua," Kona akanong'ona. "Asikujue. Omba radhi, kata."

Redioni shemeji akasema, "Bi Mkali wa Ng'ambo yuko kwenye laini. Na laini ya pili tuna... karibu."

Kinyozi alifungua mdomo ili Mzee wa Stesheni atoke, Mzee akakataa kutoka. Alichobaki nacho ni sauti yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Mwalimu akafumba macho. Hata wale wa gereji ng'ambo ya barabara waliacha kugonga vyuma.

"Marahaba, baba," sauti ikajibu, ile ya chini, ya nyumbani. Kisha ikapanda taratibu mpaka spika ikaanza kukwaruza. "Kumbe unaweza kuongea. Sasa na kwangu ukija, uwe unakuja na mdomo."